Kope Zangu, Mkasi Wake

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimepokonywa meza. Nimepokonywa mchana kweupe, mbele ya mafundi wote wa karakana ya ushonaji, na aliyepewa ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye mimi mwenyewe nilimleta pale na kumwonyesha jinsi ya kushika mkasi asijikate.

Kisa ni mikono ya mashati ya sare. Nimekata mifupi. Si yote, baadhi. Mistari ya chaki ilikuwa miwili, mmoja wa kukatia na mwingine wa kukunjia, na mimi nikauona mmoja. Kope zangu zimelegea, hilo kila mtu analiona isipokuwa mimi, maana mimi ndiye ninayeangalia kwa chini yake. Vya chini naviona. Vya juu sivioni mpaka ninyanyue kidevu, ndiyo maana wateja wageni wanadhani nawadharau, na wenyeji wananiita Bi Usingizi. Nimezoea. Kutwa nzima napandisha nyusi, jioni kichwa kinagonga. Lakini kukata nilikuwa nakata.

Madamu, mwenye karakana, aliniita ofisini. "Mama, kwa sasa pumzika na meza. Kaa kwenye pindo. Wifi yako atakata."

"Kwa sasa ndiyo mpaka lini?"

Akaangalia simu yake. Na asubuhi, kabla ya hayo yote, nilimwona wifi akitoka humo humo ofisini, akifunga mlango polepole kwa mikono miwili. Mtu anafungaje mlango kwa mikono miwili kama hana jambo? Basi nimeshajua nani kanichongea.

Meza ile nimeisimamia tangu tumbo langu lilipokuwa bapa. Ubao umelika pale ninapoegemea. Mkataji ndiye roho ya karakana: akikosea yeye, wengine wote wanashona kosa. Meza yangu itarudi, na wifi atakiona cha mtema kuni. Naandika hapa ili nisije nikajisahau nikamsamehe.

Mvua nazo zimeanza leo. Zilikosa siku nyingine.

Jumatano, 4 Machi

Pindo. Siku nzima pindo. Wifi kanisalimia mara mbili, nimemwitikia mara moja.

Ijumaa, 6 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa macho. Nesi alinibandika plasta kwenye kope, akazivuta juu, akaniambia nitazame mbele. Jamani! Chumba kile kina feni. Kina saa juu ya mlango, na kina buibui kwenye kona. Muda wote nimekaa pale sijui kama kuna feni inazunguka juu ya utosi wangu. Nikaanza kucheka, halafu nikaona kicheko kinageuka, nesi akasema usilie mama, plasta itabanduka.

Daktari ni mwanamke wa sauti ya chini, hapotezi maneno. "Ngozi imezidi na msuli umechoka. Nitaipunguza ngozi na kukaza msuli. Utarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kukupasua ni kazi yangu, kukuponya ni kazi ya nyumba yako." Akanieleza: kichwa kisilale chini, nisiiname, nisibebe kitu, nisikae kwenye moshi, nisisugue macho hata yakiwasha vipi. Kukanda kwa baridi, marhamu asubuhi na jioni. Halafu akaweka kalamu mezani. "Jambo moja silifanyii mzaha. Ukisikia maumivu ya ghafla, jicho likawa gumu, ukaona giza, usinywe dawa ukalala. Njoo hapa mbio. Nani atakuwa na wewe?"

"Nina mume."

"Anaona vizuri?"

"Anaona."

"Anasikia?"

Hapo nikamwomba anitajie tarehe.

Tumepanga Alhamisi, tarehe 19. Njiani kurudi, matope mpaka kwenye vifundo, nilikuwa najiambia: zikifunguka tu kope hizi, nitarudi mezani na yule mwizi atarudi kwenye pindo zake.

Jumamosi, 7 Machi

Leo nimeandaa nyumba. Kiti cha kuegemea, ambacho mume wangu alikifanya kiti cha redio tangu astaafu, sasa ni changu. Redio imewekwa chini, naye amekaa karibu nayo, wananuna pamoja. Nimefua foronya zote. Nimechana shuka kuukuu kuwa vipande vya kukandia. Vidonge vyangu vya kichwa nimevifungia kabatini, daktari kasema vinazuia damu kuganda.

Nikasema nimfanyie mume wangu mazoezi. Nikaketi, nikafumba macho, nikamwambia haya, nikande. Kanimwagia maji mpaka kifuani, halafu kitambaa kakiweka puani.

"Macho, baba! Macho!"

"Si hapo karibu?"

Jioni akaniambia, bila hata haya: "Nimeshapiga simu. Shemeji atakuja kukaa nasi." Anao mashemeji tele, lakini moyo wangu ulishajua. Mke wa kaka yangu. Kaka yuko safarini kikazi, mwenzangu yuko peke yake, kakubali papo hapo. Nilifoka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mwizi. Nikamwambia yupo, ila bado hajafika.

Jumanne, 10 Machi

Amekuja baada ya kazi, kalowa chapachapa, hata chai hakutaka. Kapiga magoti mbele ya kabati la jikoni, akatoa masufuria yote ya chini na kuyapanga juu ya meza, usawa wa kiuno. "Ili usiiname," akasema. Jiko la mkaa kalitoa nje. Ndala zangu laini za kutelezea kazitia kwenye mfuko, akaniletea zake zenye kamba. Akauliza kitanda nashukia upande gani, akaweka kiti upande huo cha kushikilia.

"Wifi, umekuja kunihudumia au umehamia?"

"Vyote viwili," akasema, uso mkavu.

Sikumpa asante. Kama anafikiri nitanunulika kwa kupangiwa masufuria, amepotea. Mtu aliyekunyang'anya kazi anakuja kukufungia kamba za ndala, na wewe uone ni wema? Ni dhamiri inamsuta. Na imsute.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Pindo. Vidole vinaniuma kwa hasira, si kwa sindano.

Jumamosi, 14 Machi

Mahameli imefika. Nyekundu iliyoiva, majora mpaka mlangoni, ya mapazia ya jukwaa la ukumbi mpya wa mikutano. Hatujapata kazi kubwa hivi. Mafundi wote waliacha vyerehani wakaja kuishika. Nami nilishika, nikafumba macho kabisa, maana mahameli huitazami, unaipapasa.

Mahameli ina manyoya, na manyoya yana njia. Ukipitisha kiganja kuelekea chini yanalala, ukirudisha juu yanasimama. Vipande vyote vikatwe vikielekea upande mmoja. Ukigeuza kimoja, mezani huoni kitu, rangi ni ile ile. Kasheshe ni siku ya kutundika: taa zikiwaka, kipande kimoja kinang'aa, jirani yake kinakuwa cheusi, pazia zima linatoka michirizi kama punda milia. Na hakuna dawa. Kitambaa kimeshakatwa.

Wifi hajawahi kukata mahameli maishani mwake. Miaka yote yeye ni mtu wa pindo. Akaja akasimama kando yangu, akaniambia kwa sauti ndogo: "Hii nitaianza wiki ijayo, wewe ukiwa nyumbani. Nitakuwa nakuuliza, wifi."

"Uliza tu, mama," nikamwambia.

Sijawahi kumwita mama. Nilikuwa tayari nimeshaliona lile pazia limetundikwa, taa zimewaka, Madamu kashika kichwa, na wageni waalikwa wanakonyezana. Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Mume wangu kaniuliza kama daktari kaghairi kunipasua.

Jumatatu, 16 Machi

Nalala vizuri siku hizi. Kisasi kina usingizi mtamu.

Alhamisi, 19 Machi

Naandika kwa kupapasa, mistari ipande ishuke, shauri yake. Walinichoma ganzi, nikawa nasikia kila kitu. Nikasikia mkasi. Mkasi mdogo, mkali, unakata kwa ncha. Nikamwambia daktari, "Umeacha nafasi ya kushonea?" Akacheka, akasema amepima mara mbili. Nikamwonea wivu. Ana meza yake na hakuna anayemnyang'anya.

Wifi alinisubiri tangu asubuhi. Kanishika kiwiko mpaka kwenye gari, mpaka kitini, mito minne nyuma. Basi, naishia hapa. Macho yanawaka moto.

Ijumaa, 20 Machi

Wifi kaomba ruhusa ya siku moja zaidi. Ananikanda, anapumzisha, ananikanda tena. Mkono wake ni mwepesi, siwezi kudanganya. Naona kupitia vijiufa viwili, na marhamu imevifanya vijae ukungu. Nimevimba, mume wangu kasema nafanana na chura, halafu akaomba msamaha kwa chura.

Mchana, mume wangu kalala, mvua inapiga bati, wifi akavuta kigoda. Akanitia kiganjani kipande cha mahameli.

"Kesho naanza kukata. Niambie, vipande nivielekeze vipi?"

Nilipapasa kile kitambaa polepole. Nilitaka nafasi hiyo idumu. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi uongo wangu kuliko mume wangu alivyofanya mazoezi ya kukanda.

"Unapishanisha," nikasema. "Kimoja juu, kingine chini. Kimoja juu, kingine chini. Ukielekeza vyote upande mmoja, pazia zito hivi litavuta, litapinda likikaa. Ukipishanisha, linatulia."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Kimoja juu, kingine chini," akasema.

"Ndiyo hivyo. Na unabana kitambaa, hakipotei."

"Haya, wifi. Ahsante."

Akanyanyuka, akakamua kitambaa cha baridi, akanikanda tena. Jicho la kulia, la kushoto. Mimi nimelala pale kama malkia, roho inacheza ngoma. Nimempata! Nimempata kwa ulimi tu, macho yamefumba.

Jumapili, 22 Machi

Ya jana siwezi kuyaandika kwa ufupi, na leo ndiyo nimepata nguvu.

Jana asubuhi wifi alikuwa jikoni, anajiandaa kwenda kukata. Kile kipande cha mahameli kilikuwa kimeanguka chini, karibu na mguu wa kiti. Nikaona nikiokote. Kwa nini? Sijui, nilitaka kukipapasa tena, nikifurahie. Nikainama. Nikainama kabisa, kichwa chini, mtu aliyekatazwa asiiname! Nikakipata. Nilipoinuka, jicho la kulia likapiga kama mtu kaniingiza kidole. Halafu maumivu yakaanza kujaa, yakawa yanasukuma kutoka ndani.

Mume wangu kaja. "Ni uvimbe huo, mama. Kunywa dawa ulale."

Nami nilikuwa nimeshaanza kukubali. Mtu ukiumwa unakubali lolote. Wifi akaingia anafunga mtandio. Hakuuliza nini. Akaligusa jicho kwa ncha ya kidole, juu ya kope, akaondoa mkono upesi. Akaniziba jicho la kushoto kwa kiganja.

"Hivi vidole vingapi?"

"Vidole gani?"

Ndipo nilipomsikia akipandisha sauti kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu. "Shemeji, mshike mkono huu! Halali mtu hapa!" Nje mvua inamwaga, gari hakuna, barabara imekuwa mto. Akakimbia kwa jirani yule aliyekuja kuuliza mwizi, ana kigari cha kubebea mizigo, akagonga mlango mpaka mtoto wao akalia. Mimi mbele na jirani, yeye nyuma kwenye mvua, ameshikilia chuma. Njia nzima jicho langu la kulia linaona giza, giza la kweli, si la kufumba. Niliogopa. Niandike hivyo hivyo: niliogopa kama mtoto. Niliwaza mkasi, niliwaza nitakata na nini.

Daktari alizifungua nyuzi palepale, akatoa damu iliyoganda, akaziba mshipa, akanishona upya. Giza likapungua kidogo kidogo, nikaanza kuona mkono wake. "Mngelala na hili," akasema, "jicho lingebaki pambo." Akamgeukia wifi, akamwambia, "Umefanya vizuri." Wifi alikuwa amesimama mlangoni anachuruzika maji, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

Walipotuacha peke yetu alikaa kwenye benchi, akakamua mtandio wake. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Nikikufikisha nyumbani nitakwenda kukata, Madamu ananisubiri. Wifi, kuhusu ile mahameli, kuna jambo unataka kuniambia?"

Nilikuwa na mdomo. Ganzi ilikuwa machoni, si mdomoni. Na neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi: usipishanishe. Neno moja tu. Lakini nikaiona meza yangu. Nikauona mlango ule unavyofungwa kwa mikono miwili. Nikajiambia: jicho ni deni lake kwangu, kanilipa, hatudaiani kwa hilo. La meza bado.

"Hakuna," nikasema. "Kata kama nilivyokuambia."

"Haya," akasema.

Jumatatu, 23 Machi

Amekwenda kukata, kapitia kunikanda kabla, akarudi kunikanda baada. Mikono inanuka chaki.

Jumanne, 24 Machi

Uvimbe unashuka. Mvua haishuki, inaongezeka. Wifi haongei sana siku hizi. Sijui amechoka au ni mimi nasikia ukimya kwa sababu nina langu moyoni. Usiku hunifunika shuka miguuni na kuniuliza kama jicho linavuta. Namjibu kwa neno moja. Ananichosha huyu mwanamke. Angekuwa mtu wa kelele na majungu, kumchukia kungekuwa kazi nyepesi.

Alhamisi, 26 Machi

Nyuzi zimetolewa. Nesi kanipa kioo. Pale palipokuwa na pazia la ngozi pana mstari mwekundu mwembamba, na chini yake macho. Macho yangu! Makubwa kuliko nilivyokumbuka, nayo yanashangaa.

Nikageuka nikamwona wifi. Sikuwahi kumwona bila kunyanyua kidevu. Nilikuwa nimezoea kumtazama kidevu changu kikiwa juu, yeye kwa chini, labda ndiyo maana nilimwona mdogo. Ni mrefu kunizidi. Ana mvi juu ya paji la uso. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, na mimi ndiye niliyetazama pembeni, na macho yangu mapya.

Jumanne, 31 Machi

Mapazia yameshonwa yote. Hakuna aliyegundua kitu. Si nilisema? Mezani hayaonekani. Yatatundikwa Jumamosi, na Madamu kanialika, kaniambia, "Njoo uone kazi, mama, macho si yamefunguka?"

Simu iko hapa mkononi. Naweza kumpigia wifi nikamwambia. Bado angeweza kufumua, angeweza kugeuza baadhi, angeweza kumwambia Madamu anunue majora mengine kabla ya watu kuona. Mume wangu kanikuta nimeishikilia. "Unasubiri simu?" Nikamwambia nasubiri Jumamosi.

Basi nasubiri. Alinichukulia meza yangu nikiwa kipofu nusu. Na aichukue na aibu yake.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimevaa gauni langu zuri na miwani ya jua. Kiti cha mbele, katikati. Nimekwenda kama mtu anayekwenda harusini.

Ukumbi unanuka rangi mpya. Mafundi wa umeme wako juu ya ngazi. Madamu anatembea huku na huku anasugua mikono. Wifi alikuwa jukwaani, anavuta pindo la chini linyooke, mgongo wake kwangu. Nilimtazama mgongo ule nikasema kimoyomoyo, bado kidogo.

"Washeni!"

Nikavua miwani. Nikatazama juu. Sikunyanyua kidevu, sikupandisha nyusi, nilitazama tu juu kama watu wengine wanavyotazama, mpaka kule kwenye chuma ambako pazia limeanzia. Na likashuka mbele yangu lote, jekundu moja, kutoka dari mpaka sakafu, bila mchirizi, bila kivuli, limelala kama mtu kalipitishia kiganja kimoja toka juu hadi chini. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natafuta kipande cheusi. Nilitafuta kushoto, nikatafuta kulia.

Madamu akaja akaketi karibu nami, machozi ya furaha. "Umemfundisha, mama! Sasa kwa kweli sijali tena. Maana nilikuwa na wasiwasi alipoghairi."

"Alipoghairi nini?"

"Si lile la meza? Ile siku ya mashati nilitaka nikuachishe kabisa, nisiseme uongo. Yeye ndiye aliyekuja asubuhi akanisihi. Akasema, nipe mimi meza niishike, wifi apasuliwe, akipona namrudishia. Nikamkubalia. Halafu majuzi, ile siku mlipotoka hospitali, akaja kukata, akaniambia: Madamu, nimeghairi, meza inabaki kwangu. Nilidhani mmekubaliana."

Nilisimama nikapanda jukwaani, nikamkuta wifi anakusanya pini. Nikamwambia, "Hukupishanisha."

"Sikupishanisha."

"Ulijua."

"Wifi, nimepinda pindo za mahameli miaka yote. Makoti, viti, mito. Wewe ulikuwa unakata unatupa, mimi ndiye ninayeishika mpaka mwisho. Kidole changu kinajua manyoya yanaelekea wapi hata nikisinzia."

"Sasa uliniuliza ya nini?"

Akaziweka pini kwenye kopo, moja moja. "Ulikuwa umelala pale, umevimba, huna kazi, huna macho. Nilitaka ujione bado ni mkataji. Nilifikiri nikikuuliza utafurahi." Akatia pini nyingine. "Nikakuuliza tena hospitali. Nikajiambia, pengine ilikuwa dawa, pengine maumivu, mtu anasema chochote. Nikakupa nafasi."

Nikasema, "Na ukaendelea kunikanda."

"Macho ni macho, meza ni meza." Alisema hivyo, kisha akafunga kopo. "Macho ningekupa hata kesho. Meza sikupi. Mtu anayeweza kuharibu kitambaa chote kile ili mwenzake aanguke, hapaswi kushika mkasi."

Nilitaka nimpige. Nilitaka nimwambie ulipaswa kunieleza tangu mwanzo, ungesema nimekuombea, mbona ulinyamaza? Nikamwambia hivyo hasa. Akaniuliza, "Ungeniamini?" Na mimi, mbele ya pazia lile, nisingeweza kusema ndiyo.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua inanipiga usoni, na daktari alishakataza. Namchukia. Naandika kwa herufi kubwa ili nisome vizuri: NAMCHUKIA. Zaidi ya mwanzo, kwa sababu mwanzo nilikuwa na haki.

Jumapili, 5 Aprili

Mume wangu kauliza shemeji yuko wapi. Nikamwambia amerudi kwake. "Mmegombana?" Nikamwambia hatujagombana. Kweli hatujagombana, kugombana kunahitaji watu wawili wenye hoja.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua imekatika. Wifi kanitumia kwa jirani chupa mpya ya matone ya macho, hakuna salamu. Nimeyatia. Yanawasha kidogo.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimerudi kazini. Kiti cha pindo, karibu na mlango. Nilifikiria nisirudi, nilifikiria nihamie karakana nyingine, lakini nani atamchukua mkataji ambaye bosi wake wa mwisho kampa pindo? Na nyumbani ni redio na mume wangu.

Mafundi wananisifia macho. Hakuna anayeniita Bi Usingizi tena. Wifi yuko mezani kwangu, mkasi wangu mkononi mwake, ameegemea pale pale palipolika. Tumesalimiana. Kaniletea vipande vya kwanza vya leo, mikono ya mashati ya sare, kafunga vizuri kwa utepe, kaviweka mbele yangu na kurudi zake.

Nilivifungua. Nikavipima kimoja baada ya kingine kwa futi, nikavilinganisha, nikavishikilia dirishani kwenye mwanga. Macho haya sasa yanaona uzi mmoja uliochomoza, yanaona alama ya chaki iliyofutika. Nimetafuta kosa lake tangu asubuhi mpaka wakati wa chakula, na nilikuwa na nia ya kulipata.

Sikulipata. Nikatunga uzi nikaanza kupinda.